Ukurutu wa Midomo: Cha Kununua na Cha Kuacha Dukani

Midomo ikianza kuwasha, kukauka na kubanduka magamba, wengi wetu tunakimbilia dukani. Leo mafuta ya midomo yenye harufu ya stroberi, wiki ijayo yenye mnanaa, kisha jirani anashauri limau na asali, kisha muuza vipodozi anatoa tyubu ya dawa "inayomaliza kila kitu". Mwezi unakwisha, elfu ishirini au thelathini imekwenda, na chai bado inachoma. Kwa ugonjwa huu, kinachosaidia kuliko vyote ni kile unachoacha kupaka, na kuacha hakutozwi hata shilingi.

Ukurutu wa midomo ni ukurutu uleule wa ngozi, ule ambao wengi wanauita pumu ya ngozi, ila umepiga kambi mahali pabaya. Ngozi ya midomo ni nyembamba, haina tezi za jasho, na mafuta yake ya kujikinga ni haba. Inakauka upesi na inadhurika upesi. Ukurutu huu hauambukizi, kwa hiyo hakuna haja ya kutengewa kikombe. Chanzo chake ni kitu kinachoichubua ngozi kila siku, au mzio wa kitu kinachogusa midomo, au maumbile ya kurithi, hasa kwenye familia zenye pumu ya kifua na mafua ya mzio. Mara nyingi mambo mawili yanakutana kwa mtu mmoja.

Mchubuaji mkuu hauzwi popote: ni mate. Mate yana vimeng'enya vya kuanza kusaga chakula, na yakikauka juu ya mdomo yanaondoka na unyevu wa ngozi yenyewe. Unalamba kwa sababu pamekauka, panakauka zaidi kwa sababu umelamba. Kwa mtoto utaona duara limezunguka mdomo, jekundu au jeusi kutegemea rangi ya ngozi, nalo linaishia pale pale ulimi wake unapofika. Ukiliona duara hilo, anza na kopo la mafuta ya mgando na umpake kila anapotaka kulamba. Fedha za krimu ziweke kwanza. Angalia pia anachomumunya. Ubuyu wa rangi wenye pilipili na embe mbichi ya chumvi vinachubua midomo, halafu vinamfanya ailambe siku nzima.

Sasa madukani. Bei nitakazotaja ni za kukadiria, za Dar es Salaam. Kwako zinaweza kupanda au kushuka, ila tofauti kati ya kitu na kitu hubaki palepale.

Chaguo la kwanza ni mafuta ya mgando meupe, yasiyo na harufu wala rangi. Kopo dogo linapatikana kwa shilingi 1,000 hadi 2,000 hata dukani kwa Mangi wa mtaani. Piga hesabu kwa gramu: kopo la gramu 50 kwa shilingi 1,500 ni shilingi 30 kwa gramu. Mafuta ya midomo ya kijiti huwa na gramu 4 hadi 5 tu, na ukiyanunua kwa shilingi 5,000 unalipa shilingi 1,000 au zaidi kwa gramu. Ni zaidi ya mara thelathini, na bei hiyo imejumuisha manukato, yaani kitu ambacho mwenye ukurutu angepaswa kulipwa ili akipake.

Kopo lina kasoro zake. Linayeyuka kwenye mkoba wakati wa joto, linang'arisha midomo kama umetoka kula chipsi, na vidole vichafu vinaingia humo kutwa. Kasoro hii ya mwisho ina dawa rahisi: chota kidogo kwa mpini wa kijiko safi, weka kwenye kikopo kidogo cha kutembea nacho, na kopo kubwa libaki nyumbani. Paka mara nyingi, hasa kabla ya kula, kabla ya kulala na kabla ya kutoka kwenye upepo. Wakazi wa Njombe, Makete na Mbeya, miezi ya Juni hadi Agosti msisubiri midomo ipasuke ndipo muanze.

Mtego mmoja: mafuta ya mgando "ya watoto". Mengi yametiwa manukato, na bei yake ni ileile au juu kidogo ya yale meupe. Picha ya mtoto kwenye kopo si ushahidi wa upole. Geuza kopo usome nyuma. Ukikuta neno "parfum" ni manukato, "aroma" ni ladha; vyote viwili virudishe kwenye rafu. Menthol na kafuri pia virudishe. Ule ubaridi mtamu wa mafuta ya mnanaa hauponyi kitu, na kwenye ngozi iliyochubuka unazidisha muwasho.

Ukitaka kijiti kwa sababu ya kazi, kwa mfano uko kaunta na huwezi kuchovya kidole kwenye kopo mbele ya wateja, tafuta chenye orodha fupi ya viambato. Usilipie neno "asilia". Nta ya nyuki, gundi ya nyuki, mafuta ya nyonyo na lanolini ya manyoya ya kondoo vyote vinatoka kwa Mungu, na vyote vinajulikana kusababisha mzio wa midomo kwa baadhi ya watu. Lipstiki nyingi zina mafuta ya nyonyo ndani yake, hata zile za bei mbaya.

Mafuta ya nazi yana nafasi yake. Ukiwa pwani na unakamua mwenyewe, ni karibu na bure, na watu wengi wanayavumilia vizuri. Udhaifu wake ni kwamba ni mepesi, yanaondoka mdomoni upesi, na yakichacha yanakera ngozi. Ya kupimiwa kwenye chupa ya maji huwezi kujua yamechanganywa na nini. Siagi ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda ni nzuri pia, ila ikifika Dar bei imekwishapandishwa na neno "organiki", na hainipi sababu ya kuacha kopo la elfu moja na mia tano. Limau na sukari ya kusugulia usiviguse. Asidi kwenye ngozi iliyopasuka ni jeraha jipya, na maji ya ndimu yakipigwa jua yanaweza kuunguza ngozi na kuacha weusi wa miezi.

Mtuhumiwa anayefuata yuko bafuni. Dawa ya meno inagusa midomo mara mbili kila siku, nayo ina vitu viwili vinavyosumbua: ladha kali ya mnanaa au mdalasini, na kemikali ya povu, ambayo kwenye boksi huandikwa sodium lauryl sulfate. Zile za kung'arisha meno mara nyingi ni kali zaidi. Dawa zisizo na povu hilo zipo kwenye famasi kubwa, lakini nyingi huagizwa kutoka nje na bei yake huwa mara kadhaa ya dawa ya kawaida. Kabla ya kufika huko, jaribu kwa wiki mbili njia ya bei ndogo: paka mafuta ya mgando midomoni kabla ya kupiga mswaki, tumia dawa kiasi cha punje ya njegere, suuza na ufute vizuri. Unaweza pia kuhamia dawa ya watoto yenye ladha nyepesi, mradi tyubu iandikwe kwamba ina floraidi ya angalau 1,000 ppm.

Usihamie chumvi au mkaa kwa miezi kwa jina la kubana matumizi. Midomo itapona na meno yatatoboka, na kuziba jino moja ni ghali kuliko tyubu kadhaa za dawa ya meno. Maji ya kusukutua yenye spiriti, kwa upande mwingine, acha leo. Hapo unaokoa fedha na midomo kwa mkupuo mmoja.

Kuna chanzo kimoja ambacho sisi wa ukanda huu tunakisahau kwa kuwa tunakipenda. Mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja, na utomvu wa ganda la embe una kemikali za jamii moja na zile za mafuta ya ganda la korosho. Aliyebangua korosho mbichi kwa mikono Mtwara au Lindi anajua mafuta yale yanavyounguza vidole. Mtu ambaye mwili wake umeshayakataa mafuta hayo anaweza kuvimba midomo akila embe kwa kulimenya kwa meno. Nyama ya embe mara nyingi haina kosa. Kosa ni la ganda. Osha embe, menya kwa kisu, katakata, kula kwa uma. Kama midomo yako huchafuka kila msimu wa maembe na kutulia msimu ukiisha, umepata jibu bila kumlipa mtu.

Mafundi cherehani nao wana lao: kubana pini midomoni. Pini nyingi zina nikeli, na nikeli ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa mzio duniani. Kipande cha sifongo cha kuchomekea pini kinatosha.

Mzio haufanyi kazi kama watu wanavyodhani. Haujitokezi lazima dakika uliyopaka. Mara nyingi huja baada ya siku moja hadi tatu. Wala si lazima kitu kiwe kipya. Lipstiki uliyoipaka miaka mitano kwa amani inaweza kukugeuka mwaka wa sita. Kwa hiyo kauli ya "hii naitumia siku zote" haiondoi mashaka. Kusanya vyote, lipstiki, lipshaini, wanja wa kuchorea midomo, mafuta ya kijiti, viweke kwenye mfuko na uufunge kwa wiki mbili hadi nne.

Tuje kwenye tyubu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia mfuko na ngozi.

Famasi watakuuzia dawa ya steroidi nyepesi, haidrokotizoni ya asilimia 1. Tyubu ya gramu 15 ni kama shilingi 3,000 hadi 6,000, na kwa midomo peke yake haiwezi kuisha kwa siku chache, kwa hiyo usinunue kubwa. Kama kuna marhamu na krimu, chukua marhamu: inakaa mdomoni muda mrefu zaidi na haichomi kama krimu. Hupakwa nyembamba mno, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku tano hadi saba, kisha unarudi kwenye mafuta ya mgando. Ukiona unaihitaji kila wiki, usinunue nyingine. Kuna kitu bado kinagusa midomo hiyo. Kwa mtoto mdogo au mama mjamzito, muulize mfamasia au daktari kwanza.

Jirani yake kwenye rafu, na mara nyingi kwa bei ndogo kuliko hiyo, kuna tyubu za mchanganyiko: steroidi kali, antibaiotiki na dawa ya fangasi ndani ya krimu moja. Zinauzwa hata kwenye maduka ya vipodozi, na wengine wanazitia kwenye mkorogo wa kujichubua. Soma jina la dawa kwa herufi ndogo. Ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo si dawa ya kujinunulia kwa ajili ya midomo. Itafanya kazi haraka, na ndiyo maana inasifiwa. Siku ya tatu midomo inakuwa laini, unamsimulia kila mtu. Kisha unaacha, ugonjwa unarudi kwa nguvu, unapaka tena, na baada ya miezi ngozi imekuwa nyembamba, vishipa vinaonekana, vipele vimetapakaa kuzunguka mdomo na kidevu. Antibaiotiki iliyomo, hasa neomycin, yenyewe huweza kuleta mzio. Tyubu ya elfu mbili imekupeleka kwa daktari bingwa wa makumi ya elfu. Kwa maoni yangu ndiyo bidhaa ghali kuliko zote kwenye orodha hii.

Ndugu wa tyubu hizo ni krimu za "midomo ya pinki". Ukurutu ukipoa kwenye ngozi nyeusi huacha weusi, na biashara imejengwa juu ya weusi huo. Nyingi zinauzwa bila orodha ya viambato, na katika soko la kujichubua zebaki na haidrokwinoni si wageni, ingawa Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo. Weusi wa baada ya ukurutu hupungua wenyewe taratibu ndani ya miezi, mradi muwasho usirudi. Usilipie.

Dawa nyingine ambayo daktari anaweza kukuandikia ni marhamu ya tacrolimus. Si steroidi na haipunguzi unene wa ngozi, jambo zuri kwa midomo inayosumbuliwa mara kwa mara. Lakini huchoma siku za mwanzo, haipatikani kila famasi, na tyubu ndogo huweza kugharimu makumi ya elfu. Kabla hujatoka kwa daktari, uliza mambo mawili: je, bima yangu inailipia, na je, kuna tyubu ndogo zaidi. Kugundua dirishani kwamba haimo kwenye orodha ya bima ni kuchelewa.

Kuhusu mahali pa kununulia: duka la dawa muhimu lina kibali cha dawa chache zilizoorodheshwa. Mpango huo ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili vijijini kusikose dawa za msingi, na kwa mengi unafaa. Famasi ina mfamasia na orodha pana, na kwa tyubu ya ngozi ni bora utembee hadi huko. Duka la vipodozi si mahali pa kununulia dawa kabisa. Dawa zinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango. Tyubu isiyo na namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji iache hapo hapo, hata wakikupunguzia.

Wiki mbili hadi nne za kuacha kila kitu zikipita bila nafuu, sasa toa fedha ya daktari. Gharama iliyoandikwa ukutani ni ya kumuona tu. Ongeza kufungua faili, nauli, siku ya kazi uliyopoteza, na mara ya pili ya kurudi. Kwa bahati nzuri, si lazima uanzie kwa bingwa wa jijini. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992, kimewafundisha maafisa tabibu wa ngozi wanaofanya kazi katika hospitali nyingi. Piga simu hospitali ya mkoa uulize kama wanaye na kliniki yake ni siku gani. Nenda na ule mfuko uliofunga, lipstiki na dawa ya meno zikiwemo. Utaokoa dakika kumi za kuulizwa "ulipaka nini".

Kuna kipimo cha mzio cha kubandika viraka mgongoni. Vinakaa saa 48, ngozi inasomwa vinapotolewa, kisha inasomwa tena siku mbili hivi baadaye. Kinapatikana sehemu chache, na ndani ya wiki moja unaenda mara tatu. Kama unatoka mkoani, malazi yanaweza kuzidi bei ya kipimo. Kinalipa kwa mtu aliyesumbuka miezi na ameshaacha kila alichoweza. Kwa wengine wote ni mapema.

Kabla hujatumia hata senti, hakikisha ni ukurutu kweli. Mipasuko kwenye pembe za mdomo peke yake mara nyingi ni fangasi au bakteria, wakati mwingine upungufu wa madini ya chuma au vitamini B, na steroidi haitibu hayo. Malengelenge yaliyokusanyika mahali pamoja, yakitanguliwa na mchomo, ni malengelenge ya virusi vya herpes, na steroidi inaweza kuyachochea. Wanaomeza vidonge vikali vya chunusi vya jamii ya vitamini A hukauka midomo karibu wote. Hiyo ni dawa inafanya kazi yake, paka mafuta tu. Midomo ikivimba ghafla na pumzi ikabana, acha kusoma, nenda hospitali.

Kidonda au gamba gumu kwenye mdomo wa chini lisilopona kwa wiki tatu linahitaji macho ya daktari, hasa kwa mtu mwenye ualbino na kwa anayeshinda juani kama mvuvi au mkulima. Jua linaweza kuleta saratani hapo. Mafuta ya mgando hayakingi jua hata kidogo. Kofia pana ndiyo kinga ya bei nafuu, na wenye ualbino waulize kliniki kuhusu mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa KCMC, ambayo hugawiwa bure.

Midomo ikishatulia, usifungue mfuko na kurudisha vyote siku moja. Chukua kimoja, ukipake kwenye ngozi ya ndani ya mkono karibu na kiwiko mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi. Kipimo hiki kinafaa kwa lipstiki na mafuta. Dawa ya meno usiipake mkononi, itakuchubua hata kama huna mzio nayo. Ngozi ikibaki kimya, kirudishe mdomoni na usubiri wiki moja kabla ya kingine. Kikiwasha, kitupe, na usimgawie mdogo wako. Ukienda kununua cha kuchukua nafasi yake, omba kupakwa kidogo cha majaribio kwanza, mkononi wala si mdomoni, kwa sababu kile kijiti cha majaribio kimepita kwenye midomo ya watu. Na ununue saizi ndogo kuliko zote, maana kipodozi kikishafunguliwa hakirudishwi dukani.